Fyuzi za multimita zinaungua mara kwa mara: tuzikinge vipi, na tubadilishe kwa zipi?

Mwalimu wa Karakana
Habari zenu, wakuu. Ninasimamia wanafunzi wa ufundi wa sola, na multimita zinarudi stoo zikisoma volti vizuri, ilhali upande wa ampea zinaonyesha sifuri tu. Nimebaini kuwa wanafunzi hugusisha ncha kwenye vichwa vya betri ya volti 12 ili wajue "ina ampea ngapi". Fyuzi za asili ni za kauri na bei yake imechangamka. Je, za kioo zinafaa? Mmoja wao amependekeza uzi wa waya wa shaba.

Fundi Mita
Mwalimu, uzi wa shaba ukatae kabisa. Ndani ya tundu la A (la ampea) kuna kipande chenye ukinzani mdogo mno, hivyo kugusisha ncha kwenye vichwa vya betri ni sawa na kupiga shoti, na fyuzi ndiyo pekee inayosimama kati ya shoti hiyo na mkono wa mwanafunzi. Ampea hupimwa kwa kukata sakiti na kuiunga mita mfululizo na mzigo. Kipimo kikiisha, waya mwekundu urudishwe kwenye tundu la V hapo hapo, kwa sababu anayefuata atapima soketi ya volti 230 bila kutazama.

Kuhusu kioo, soma maandishi yaliyo kwenye kifuniko cha chuma cha fyuzi. Ikiandikwa F500mAL250V, F ni ya kukata haraka, na L ina maana kwamba uwezo wake wa kuzima mkondo mkubwa wa shoti ni mdogo. Ile ya kauri kwa kawaida hujazwa mchanga unaozima cheche. Fluke 87V, kwa mfano, hutumia fyuzi za 440 mA na 11 A, zote za volti 1000. Ampea zikilingana lakini volti zikapungua, hiyo si mbadala, hasa kwenye sola, ambako mkondo mnyoofu (DC) haupiti sifuri kama ule wa gridi (AC) na cheche huendelea kuwaka.

Mwalimu wa Karakana
Nashukuru. Naweza kuzikagua bila kufungua kila mita?

Fundi Mita
Mara nyingi inawezekana. Weka swichi kwenye ohm, chomeka waya mwekundu kwenye tundu la V, kisha ingiza ncha yake ya pili ndani ya tundu la A. Fyuzi nzima ya ampea 10 husoma karibu na sifuri; iliyoungua husoma OL au 1 peke yake, yaani njia imekatika. Ukilazimika kufungua, chomoa nyaya zote kwanza.

Mkondo Mnyoofu
Niongeze tahadhari: kwenye mita nyingi za bei nafuu tundu la 10 A limeandikwa UNFUSED, yaani halina fyuzi kabisa, kwa hiyo kipimo hicho cha ohm kitakudanganya. Mita hizo wasipewe wanafunzi kupimia ampea. Nunueni klampu mita moja, yaani mita inayoukumbatia waya bila kukata sakiti, lakini hakikisheni inapima DC, kwani nyingi za bei ya chini hupima AC pekee.