Tupeane uzoefu (Lubumbashi): ndugu amekufa kwa ajali ya gari au kazini, fidia mliidai namna gani?

Yaya wa Kampemba (mwenye mada)

Ba ndugu, jambo. Vilio vya ajali hapa mjini vinafanana. Mwenye kamyo anafika siku ya pili na sanduku, magunia ya unga na bahasha yenye dola kidogo. Wajomba na ba baba wakubwa wanajitenga pembeni, wanasaini desharji, karatasi ya kusema wamelipwa na hawadai tena. Mjane yuko chini kwenye mkeka, hakuna aliyemuuliza. Wakishazika ndipo anaambiwa mambo yalishaisha.

Sheria haisemi hivyo. Dekreti ya 30 Julai 1888, ile ya mikataba na madeni, kifungu cha 258: aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake analipa hasara. Kifungu cha 260 kinamshika na patro, mwenye kumpa mtu kazi: dereva wake akiua akiwa kazini, naye anajibu. Ni ya zamani, lakini majaji wanaitumia mpaka leo. Waliopita njia hiyo watueleze. Majina ya watu na ya makampuni tuyaache.

Mama Mapasa, Katuba

Mume wangu aligongwa na teksibisi. Dereva hakunisumbua sana, walionisumbua ni shemeki zangu. Ndoa yetu ilikuwa ya kimila, mahari ilitolewa, komini (ofisi ya serikali ya kuandikisha ndoa) hatukufika, kama wengi hapa. Wakasema: huyu si mke, ni mama wa watoto tu.

Avoka (mwanasheria) kijana niliyempata kwenye ofisi ya mashauri ya bure ya baro, chama cha ba avoka, akasema tusianze na ndoa, tuanze na watoto. Vyeti vyao vya kuzaliwa vina jina la baba. Kodi ya Familia (kitabu cha sheria za familia) ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawaweka watoto kundi la kwanza la warithi, hata wa nje ya ndoa, mradi baba aliwatambua akiwa hai. Mke, wazazi na ndugu wa marehemu wako kundi la pili. Basi nikaingia kwa niaba ya watoto, na papo hapo kwa jina langu.

Kwa upande wa ndoa tukatoa daftari la mahari. Limeandikwa kwa biki ya bluu: suti ya baba, vitenge vya mama, mbuzi, blanketi, halafu pesa, pembeni "bado", na chini yake "imelipwa". Mwisho kuna saini ya shemeki mkubwa, yuleyule aliyesema mimi si mke. Jaji alimsomea mstari kwa mstari. Akaangalia viatu vyake.

Na jambo hili wanawake walishike: fidia ya uchungu si urithi. Mimi nadai uchungu wangu, watoto wa kwao, mama mkwe wa kwake. Urithi ni mali ya marehemu mwenyewe. Baba mkubwa akikusanya vyote kwenye mfuko mmoja "ili agawe", mkatalieni.

Kadogo wa Ruashi

Mama Mapasa, pole sana. Uchungu wanaupimaje kwa pesa?

Klaki mstaafu

Kadogo, hakuna bei iliyopangwa. Jaji anakadiria kwa haki na busara yake. Ila hasara ya mfukoni inapimwa kwa karatasi: mshahara au daftari la biashara, minervali (ada ya shule) ya watoto, risiti za hospitali na za mazishi. Hata aliyeuza makala (makaa) sokoni alikuwa na mapato, tafuteni mashahidi waliokuwa wakimletea mzigo. Watu wanafika mbele ya jaji na machozi bila risiti moja, halafu wanashangaa wakipewa kidogo.

Njia ziko mbili. Unaweza kuingia ndani ya kesi ya jinai kama patisivili, yaani mdai fidia, jaji anahukumu kosa na fidia pamoja, au unafungua kesi ya madai peke yake. Wengi wanachagua ya kwanza kwa sababu parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) ndiyo inatafuta ushahidi. Lakini msilale: kuua bila kukusudia adhabu yake haizidi miaka 2 jela, kwa hiyo mashtaka yanakufa baada ya miaka 3.

Dereva wa zamani, barabara ya Kasumbalesa

Mimi nilikuwa upande wa usukani. Ajali ikitokea, kabla ya kulia piga picha. Kichwa cha kamyo kina namba yake na tela lina yake, na asiransi (bima) inaweza kuwa mbili tofauti. Watu wanaandika ya nyuma tu. Asiransi ya gari ni lazima nchini tangu 1973. Zamani shirika lilikuwa moja, sheria ya 2015 ikafungua soko, kwa hiyo soma jina kwenye karatasi, usidhani. Kamyo ikiwa ya Zambia au Tanzania, uliza kadi ya njano ya COMESA: hiyo ndiyo inalipa waliogongwa nje ya nchi ya gari. Polisi wa rulaje (wa barabarani) waandike namba yake ndani ya PV, ripoti yao ya ajali. Wasipoandika, rudi kesho yake na picha zako.

Ndugu wa Likasi

Mdogo wangu alikufa kazini, kwa sutretansi wa mgodi, kampuni iliyopewa sehemu ya kazi za mgodi. Huko mlango ni CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii: kuna msaada wa mazishi na pensheni ya mjane na yatima, sheria ya 15 Julai 2016. Patro alikuwa hajamwandikisha, akasema ni jurnalie (kibarua wa siku) tu. Enspekta wa kazi akamwambia jurnalie naye ni mfanyakazi. Bado tunasukumana.

Papa Kenya

Mimi nitawapinga kidogo. Tulikubaliana nje ya tribinali na sijuti. Jirani yangu alishinda kesi, patro akauza kamyo na kuhama, hukumu iko kabatini.

Yaya wa Kampemba

Papa Kenya, kupatana si dhambi, sheria inaruhusu kupatana juu ya fidia, na parke bado inaweza kumfuata dereva. Kwenu alisaini nani?

Papa Kenya

Dada yangu mwenyewe, mjane. Mbele ya avoka, baada ya wiki za kilio kwisha. Pesa ya watoto iliandikwa mbali na yake, na sanduku na unga tulikataa visihesabiwe kama fidia. Wajomba walikasirika, mmoja hatusalimii.

Mama Mapasa, Katuba

Hapo umesema. Na wanaosubiri hukumu wajue: kabla ya kupewa nakala ya kutekeleza, serikali inadai haki yake, yaani ada, juu ya fidia mliyopewa. Mimi sikuwa nayo, ilinibidi niombe cheti cha umaskini komini kwanza. Kama kuna aliyepata njia ya kuilipa ada hiyo baadaye, kutoka kwenye pesa yenyewe, aandike hapa na aseme ni tribinali ipi.