Kileleni Kilimanjaro ni chini ya sifuri mwaka mzima, sasa barafu inaishaje?

Njoro_Juu

Wakuu salama? Nipo Moshi mjini, jana kijiweni tulibishana kuhusu mlima mpaka chai ikapoa na hamna aliyeshinda. Iko hivi, kila mtu anajua barafu ya Kibo, kile kilele cha juu cha Kilimanjaro, inapungua, wazee wanakwambia enzi zao weupe ulikuwa unashuka mpaka chini huku, na picha za zamani zipo unaona mwenyewe. Jibu tunalotoaga wote ni kwamba dunia inapata joto kwaiyo barafu inayeyuka, imeisha hiyo. Sasa kuna jamaa mmoja ni mgumu, anabeba mizigo ya wageni, akauliza swali moja tu kijiwe kizima kikanyamaza: kule juu wastani wa mwaka mzima ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, maji ya kwenye chupa yanaganda ukiwa umeyakumbatia, sasa hiyo barafu inayeyushwa na joto lipi? Hata ukiongeza nyuzi moja au mbili bado uko chini ya sifuri!

Nimejaribu kusoma mtandaoni nikakutana na Kiingereza cha maabara. Na la pili, hilo ndo linaniuma zaidi, barafu ikiisha si ndo mito na mifongo yetu, mifereji ya kumwagilia, imekwisha? Wenye ujuzi shusheni nondo, wa siasa kaeni pembeni kwanza.

Mbishi wa Uru

Mkuu hizo ni biashara za watu. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Lonnie Thompson alikuja 2000 akatoboa barafu akaondoka na vipande, 2002 akatoa ripoti kwamba kati ya 2015 na 2020 itakuwa imeisha yote. Sasa toka nje kesho alfajiri kabla ya mawingu uangalie kama imeisha. Halafu jiulize, kupungua kulianza miaka ya 1880 huko, kabla hata Hans Meyer hajafika kileleni 1889, magari yalikuwa wapi? viwanda vya Moshi vilikuwa wapi? Wanatutisha tusikate hata mti mmoja huku wao wanachoma makaa ya mawe usiku na mchana.

Mwl wa Jio

Njoro_Juu, huyo mgumu wenu mpeni soda, ameuliza swali ambalo maprofesa wameligombania zaidi ya miaka 20.

Ngoja nianze na jambo linalochanganya wengi. Ule weupe unaouona ukiwa mjini ni vitu viwili. Kuna theluji mpya, inaanguka usiku mmoja wa masika au vuli, asubuhi mlima mzima mweupe watu wanapost "barafu imerudi", baada ya wiki hamna kitu. Na kuna barafu yenyewe ya zamani, mabamba manene yaliyobaki juu ya Kibo, upande wa kaskazini na kusini na kipande ndani ya kreta. Hiyo ya pili ndo inayopimwa. Ramani ya Wajerumani ya 1912 ilionyesha kama kilomita za mraba 12, kufika 2011 zimebaki chini ya 2. Kwaiyo Mbishi ukitoka nje alfajiri ukaona weupe hujathibitisha chochote, labda theluji ya juzi.

Sasa inaishaje kwenye baridi hiyo. Kwanza jua. Hewa inaweza kuwa nyuzi 5 chini ya sifuri lakini jua la ikweta kwenye mita 5,800, hewa nyepesi, hamna wingu, linapiga barafu moja kwa moja na uso wa barafu unafika sifuri na kuyeyuka hata kama hewa inayoizunguka ni ya baridi. Barafu ya Kibo ina kingo zilizosimama wima kama ukuta wa ghorofa, na kwenye ukuta theluji haishiki, inaanguka chini. Kwaiyo ukuta kazi yake ni kupoteza tu, haupokei, kila mwaka unarudi nyuma kidogo.

Pili ni ukavu. Hewa ikiwa kavu sana barafu inageuka mvuke bila hata kupita kwenye maji. Umeshawahi kusahau vipande vya barafu kwenye friza miezi mitatu ukakuta vimekuwa vidogo, na hamna tone la maji? Ndo hiyo. Ila hii njia ni ya gharama, inakula nishati zaidi ya mara 8 ya kuyeyusha kawaida, ndo maana barafu ile imeweza kudumu sana, jua linatumia nguvu nyingi kuondoa kidogo.

Tatu, na mimi naona hapa ndo penyewe, ni theluji kutoanguka. Theluji mpya ni nyeupe inarudisha jua angani. Isipoanguka, barafu ya zamani inabaki wazi, ina vumbi, ina rangi ya kijivu, inakunywa jua. Kwaiyo ukame wa kule juu unapiga mara mbili, haiongezwi na inapungua haraka. Watafiti kama Georg Kaser, Thomas Mölg na Douglas Hardy, huyu Hardy ndo aliweka kituo cha hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini tangu 2000, wamekuwa wakisema hivyo muda mrefu, kwamba kilichoanza kuimaliza Kibo ni kukauka kwa hewa ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Ziwa Victoria nalo maji yalishuka kipindi hicho. Barafu ilikuwa imebaki kubwa kuliko hali ya hewa mpya inavyoweza kuilisha.

Mbishi wa Uru

Sasa si ndo nilichosema mimi!! Asante mwalimu. Siyo magari, ni ukame wa asili. Fungeni uzi.

Mwl wa Jio

Uzi haufungwi kaka, umechukua nusu ukakimbia nayo.

Ulichopatia ni kwamba mwanzo wa kupungua huwezi kuwasingizia magari. Na kwamba utabiri wa 2015 mpaka 2020 ulipita, ni kweli, walichukua mstari wa kupungua wakaurefusha mpaka sifuri, mlima haufuati rula. Lakini angalia ulichoacha. Thompson mwenyewe 2009 alirudi na hoja nyingine: sehemu ya juu kabisa ya vile vipande alivyotoboa ilikuwa na alama za barafu kuyeyuka na kuganda tena, alama ambazo huko chini kwenye barafu ya zamani hakuzikuta, hata kwenye tabaka la ule ukame mkubwa wa miaka kama 4,000 iliyopita. Yaani ukame wa zamani barafu iliuvumilia, wa sasa inaumia kwa namna nyingine. Kaser na wenzake wanambishia kwenye uzito wa hiyo alama na ubishi upo mpaka leo, ila hamna hata mmoja kati yao anayesema dunia haipati joto. 2024 ulikuwa mwaka wa kwanza wastani wa dunia kuvuka nyuzi 1.5 juu ya enzi za kabla ya viwanda, hiyo imepimwa baharini na nchi kavu dunia nzima, haitegemei Kibo.

Na theluji ya Kibo inatoka wapi? Bahari ya Hindi. Upande wetu wa bahari ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, vuli inamwagika, mnakumbuka ya 2019 barabara zilivyokatika, na mlima unavaa nyeupe. Ikigeuka kinyume tunapata ukame kama wa 2020 mpaka 2022, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wanajua walichozika. Sasa bahari yenyewe inapata joto, kwaiyo huwezi kuniambia ukame wa juu ya mlima ni jambo la pembeni lisilohusiana.

Mimi nasemaga hivi darasani: kama unataka shahidi wa joto, Kilimanjaro siyo shahidi mzuri, nenda Mlima Kenya. Kule barafu ipo chini zaidi, ile inayoitwa Lewis inaanzia chini ya mita 5,000, karibu na usawa ambao hewa inafika nyuzi sifuri, ukiongeza joto kidogo inaumia moja kwa moja. Gregory ya jirani yake imeshaondoka. Ruwenzori hivohivo, upande wa Uganda na Kongo. Watu wa kampeni za mazingira na mabango yao walichagua Kibo kwasababu ni nzuri kwenye picha.

Gaidi Machame

Nimesoma mwalimu umeongea vizuri, niongezee ya macho yangu maana mimi ni gaidi, yaani naongoza wageni mlimani, napanda tangu nikiwa mgumu wa kubeba mayai.

Ile barafu ya Furtwängler iliyopo ndani ya kreta, ukuta wake ukiusogelea saa nne asubuhi unasikia inatiririka maji madogo madogo kwa chini, na pua yako wakati huohuo inauma kwa baridi, upande wa kivuli pametulia kimya kumeganda. Kwenye ukuta kuna mistari ya udongo kama keki iliyokatwa. Mchanga wa pembeni yake umelowa unazama buti, ukitoka hatua kadhaa vumbi kavu. Zamani ilikuwa kipande kimoja, ikaja kukatika mbili, na ile kubwa ya kaskazini nayo imegawanyika. Arrow Glacier siku hizi ni jina la kambi tu, mgeni anafika anauliza iko wapi, unamwonyesha mawe.

Na jambo ambalo watu hawaliongelei ni mawe. Barafu ndo ilikuwa inayashika. Januari 2006 pale Western Breach, njia ya kupandia kreta upande wa magharibi, yaliporomoka yakaua wageni watatu Wamarekani, njia ikafungwa karibu miaka miwili. Mpaka leo nikipita pale ni mapema, jua halijapiga, helmeti kichwani na hakuna stori.

Mama Nusu Maili

Hamjambo wanangu. Swali la pili la Njoro_Juu naona mmelipita na ndo linalotuhusu tunaolima.

Maji ya mifongo hayatoki kwenye barafu. Najua tumefundishwa hivyo na hata watalii wanaambiwa hivyo, lakini fikirieni, barafu yenyewe imebaki kidogo, na sehemu kubwa inapotelea hewani kama mwalimu alivyoeleza. Kileleni ni jangwa. Mvua iko msituni, upande huu wa kusini kwenye mita kama 2,000 hivi ndo inanyesha kuliko kote, na karibu maji yote ya chemchemi, mito ya Kikuletwa na Ruvu mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani, yanaingia ardhini kupitia msitu. Na siyo mvua peke yake. Nendeni juu kule kwenye miti yenye ndevu kukiwa na ukungu, hamna mvua kabisa lakini chini ya mti kunadondoka nguo zinalowa, mti unachuja ukungu. Pembeni palipoungua, ukungu uleule unapita tu unaenda zake.

Kwaiyo adui wa mfongo ni moto. Mtaalamu Andreas Hemp ameufuatilia huu mlima miaka mingi, akaonyesha kwamba moto umeshusha mpaka wa juu wa msitu na ile mierika mirefu, miti ya juu kabisa ya msitu, tangu 1976 imepotea sehemu kubwa sana, na kwamba upotevu huo kwa maji ni mzito kuliko barafu. Na ukame ukizidi moto unapata kuni, mwaona inavyozunguka? Oktoba 2020 mliuona wenyewe usiku, mlima ulivyokuwa unawaka. Halafu kuna sisi wenyewe huku chini, nusu maili, ule ukanda wa pembeni ya msitu ambao tuliachiwa tuchukue kuni na majani, imekuwa kipara, watu tumeongezeka, mfongo uliokuwa unalisha vihamba, mashamba ya nyumbani, vya ukoo mmoja leo una mabomba ya plastiki kila hatua. Hapo usimlaumu mzungu wala bahari.

Mfongo wa kwetu umepungua na barafu haijaisha bado. Hilo tu lingetosha kuwaambia.

Mbishi wa Uru

Shikamoo mama. Hapo kwenye mabomba umenigusa, sitabisha, jirani yangu ameunga tatu.

Ila mwalimu hujaniambia, mwisho wake ni lini? nataka mwaka, siyo hadithi.

Mwl wa Jio

Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema miaka ya 2040, UNESCO 2022 wakasema kufika 2050 itakuwa imeondoka, Mlima Kenya ukitangulia. Mwaka kamili sikupi, umeshaona aliyetoa mwaka ulivyomfanya. Masika mbili tatu nzito zinaweza kuchelewesha, ukame mmoja mrefu ukaharakisha.

Halafu hata wasioamini ni kawaida. 1848 mmisionari Rebmann aliandika ameona theluji karibu na ikweta, mabingwa wa jiografia wakiwa London, hasa bwana Cooley, wakamwambia anaota. Miaka na miaka. Na theluji ipo palepale inawaangalia.

Njoro_Juu

Nimeelewa kwa mara ya kwanza, asanteni sana, mama shikamoo. Kwaiyo nikirudi kijiweni nasema ni jua na ukavu, joto la dunia limo ila siyo kama tulivyodhani, na maji ni msitu. Gaidi swali la mwisho, nataka kupanda niione hiyo Furtwängler kabla haijaisha, mtanzania wa kawaida napitia wapi na mwezi gani?

Gaidi Machame

Januari na Februari au kuanzia Julai mpaka Septemba, kukavu. Usije Aprili utaona theluji nyingi ila barafu yenyewe imefunikwa, na wewe umefunikwa. Kwa njia za Marangu na Machame ukifika Uhuru unaona ile ya kusini kwa mbali unapiga picha unashuka, wengi hawaingii kreta. Ukitaka kuishika mwambie gaidi wako mapema, kabla ya kulipa, kwamba unataka kushuka kreta au kulala Crater Camp, siyo kampuni zote zinakubali maana kulala mita 5,700 ni hatari kichwa kikikataa, uwe umekaa mlimani siku nane hivi ili mwili uzoee. Kiingilio chetu wazawa ni kidogo ukilinganisha na wageni, nenda na kitambulisho. Na Barafu Camp usidanganyike na jina, pale ni mawe na upepo.