Mpira wa mkojo umetolewa wiki ya tano sasa, mkojo bado unanivuja

Mwalimu Mstaafu, Kisumu
Habari za jioni. Nina miaka 64. Niliondolewa tezi dume yote kwa sababu ya saratani. Nikilala niko sawa, taabu ni nikiinuka kitini, nikikohoa au nikibeba ndoo. Natumia pedi 4 kwa siku. Hospitalini niliambiwa tu nibane misuli ya nyonga, nikapewa karatasi. Nabana mpaka jasho linanitoka. Maji nimepunguza, nakunywa chai ya rangi tu. Kanisani sijaenda, na hata matatu ya kwenda Kondele naogopa kupanda. Kuna mwanamume aliyepitia haya akapona?

Fizio wa Nakuru
Pole sana, mwalimu. Kazi yangu ni fiziotherapia, na hilo jasho ndilo limenishtua. Msuli wenyewe ni mdogo, hautoi mtu jasho. Bila shaka unakaza matako na tumbo, na pumzi umeizuia. Tumbo likikazwa hukisukuma kibofu chini, mkojo ukazidi kutoka.

Lala chali, magoti yakunjwe. Vuta ndani kama mtu anayezuia ushuzi mbele ya wakwe. Jitazame kwa kioo: shina la uume lirudi ndani kidogo, korodani zipande. Usipoona hivyo, hujaupata bado. Shikilia sekunde 3 huku unapumua, kisha achia kabisa. Ongeza polepole hadi sekunde 10. Fanya mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Usiharakishe kubana tena, maana msuli usiopumzika huchoka, na wengi huvuja zaidi jioni kwa sababu hiyo. Usifanyie zoezi hili chooni ukikojoa.

Baba Pacha, Kakamega
Mzee wangu, mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kilichoniokoa ni kubana kwanza. Bana, ndipo uinuke. Bana, ndipo ukohoe. Baadaye mwili ulishika wenyewe. Pedi niliziacha mwezi wa saba, na kuna wanaofika mwaka, kwa hiyo usihesabu wiki. Maji unywe! Mkojo mzito hukichokoza kibofu, na hiyo chai ndiyo inayokukimbiza chooni.

Nyar Nam
Baba, pole. Baba yangu alimficha mama pedi miezi miwili, akaacha hata kwenda matangani. Tafadhali mwambie mama. Pale Russia, yaani hospitali ya Jaramogi hapo Kisumu, kuna idara ya fiziotherapia. Waambie wazi kwamba shida ni mkojo, wasije wakadhani ni mgongo.

Fizio wa Nakuru
Ukipata homa, mabonge ya damu, au mkojo ukikataa kutoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mwalimu Mstaafu, Kisumu
Nimejaribu kwa kioo. Mara ya kwanza hakuna kilichosogea, kumbe nilikuwa nakaza matako wiki zote hizi. Mara ya nne nimekiona kinapanda, kidogo sana. Mama nimemweleza, ameniwekea jagi la maji mezani. Jumapili tutakaa benchi la nyuma, karibu na mlango.