Naomba ushauri: biti zanitoa jasho

Ndugu zangu, hamjambo? Niko Likoni, najifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, usiku nikishafunga duka. Kugeuza "Likoni" liwe "inokiL" nimeweza, na safu za namba si haba. Balaa ni biti, zile 0 na 1 ambazo kompyuta huandikia namba. Niliandika 2^3 nikitarajia 8, ikanipa 1! Kumbe alama hiyo si ya kipeo. Yalinganisha 10 na 11 (ndiyo 2 na 3 zikiandikwa kwa biti) biti kwa biti, zinazofanana zinakuwa 0, zinazotofautiana 1. Haya. Sasa swali lataka kwenye [4, 7, 4, 9, 7] nitafute namba isiyo na pacha, bila kuunda safu nyingine. Kwa macho naiona, ni 9. Jamaa mmoja kwenye feri kaniambia nipitishe alama ileile kwa namba zote, basi. Vipi, na pacha hawakukaa pamoja? Nielewesheni polepole, jamani.