Mrejesho: Baduanjin imenisaidia, zoezi la kusimama bado linanisumbua

Wakuu, nawashukuru sana. Niliuliza hapa nianze na taiji au qigong, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole na pumzi, maana ikifika saa nane mchana nilikuwa hoi na mgongo umekakamaa kwa kukaa ofisini.

Nilimfuata aliyesema niweke kando kwanza taiji ya mikao 24, ile iliyotungwa China mwaka 1956, nianze na Baduanjin, aina ya qigong yenye mikao minane tu. Imenifaa. Seti nzima inachukua kama robo saa, naifanya alfajiri kabla ya chai. Mgongo umelegea, na usingizi umetulia. Ule mkao wa kwanza, wa kuinua viganja kama unasukuma dari, ndio kiboko ya mabega.

Kwenye zhan zhuang, zoezi la kusimama tuli kama umekumbatia mti, nimekwama. Dada aliyeshauri nisikunje sana magoti, yasipite vidole vya miguu, amenipunguzia maumivu, ila nikishuka ngazi bado nayasikia. Nimeisitisha mpaka nimwone mtaalamu wa viungo.

Uchovu wa mchana umepungua, haujaisha. Na lile joto la qi (nguvu ya uhai kwa imani ya Kichina) tumboni mnalolisimulia, mimi sijalionja!