Tupeane uzoefu: ulijuaje kwamba hedifoni hii ndiyo ya masikio yako?

Sikio Gumu (mwanzisha uzi)

Wakuu, droo yangu ina hedifoni tatu nzima kabisa ambazo sizivai. Ninayoivaa kila siku ni ya nne, aliyoisusa mdogo wangu akisema inaunguruma kama jenereta.

Zile tatu nilinunua kwa kusoma sifa. Ya kwanza kila mtu aliapa kwamba inatoa sauti "kama ilivyorekodiwa". Nilipoivaa nikakuta muziki umekonda, ngoma inalia kama mtu anayepiga bahasha kwa kidole. Ya pili besi tupu, mwimbaji utadhani kafungiwa ndani ya pipa. Ya tatu tamu, lakini ikifika nusu saa inanibana kichwa hadi natamani kuirusha.

Sitaki tena kuambiwa ipi ni bora. Nataka visa. Ulikosea wapi, na ulijuaje kwamba wewe ni mtu wa sauti ya namna gani?

Mtu wa Besi

Mkuu, jina langu linajieleza, ila hata mimi nilijidanganya. Dukani nilikuwa najaribu kwa sauti ya juu, besi inatosha, nalipa. Nyumbani nasikiliza usiku, sauti chini ili nisinzie nayo, besi imeyeyuka. Niliamini kabisa nimeuziwa feki.

Sikio ndivyo lilivyo. Watafiti wawili wa sauti, Fletcher na Munson, walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1933: sauti ikishushwa, sauti nzito hufifia sikioni mapema kuliko za kati. Wimbo uleule, hedifoni ileile, ukipunguza volyumu besi inakimbia. Kwa hiyo kabla ya kujiuliza kama napenda besi, najiuliza nasikiliza kwa sauti kiasi gani. Mimi ni wa sauti ya chini, nachukua hedifoni iliyonenepeshwa huko chini na sioni haya. Anayefungulia kwa nguvu, hedifoni hiyohiyo itamchosha siku ya kwanza. (Na huko kufungulia kwa nguvu msikuzoee. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 kwa wiki.)

Macho Manne

Miwani, ndugu zangu. Mkono wa miwani unapita chini ya sponji, unaacha upenyo, besi inavujia hapo. Muziki ukiwa unapiga, kandamiza vikombe vyote viwili kwa viganja. Besi ikijaa ghafla, usiilaumu hedifoni. Mimi nilibadilisha fremu nikachukua yenye mikono myembamba, hedifoni ni ileile hadi leo.

Nipo Nyuma

Nafuatilia huu uzi kwa karibu.

Dada wa S Kali

Adui yangu mimi ni herufi S. Mwanamke akiimba, kila "s" na "sh" inanichoma kama sindano. Kwa miaka nilikuwa nasema tu "sipendi zenye sauti kali", bila kujua ukali wenyewe unakaa wapi. Muuzaji nikimwambia hivyo ananipa iliyozibwa juu kote, nikivaa ni kama nimefunikwa blanketi, matoazi yote yamekufa.

Jumamosi moja nikakaa na programu ya ikwalaiza ya kwenye simu, ile yenye vitelezi kumi, kila kimoja kinapandisha au kushusha sehemu moja ya sauti: namba (Hz) ndogo ni sauti nzito, kubwa ni sauti nyembamba. Nikachagua wimbo mmoja ninaoujua hadi pale mwimbaji anapovuta pumzi. Nashusha kitelezi kimoja desibeli 4, nasikiliza ubeti uleule, nakirudisha, nahamia kinachofuata. Cha 62 Hz nilipokishusha nilinung'unika, kwa hiyo besi ninaitaka. Cha 250 gitaa likatoka kwenye matope, nikaandika pembeni. Cha 1,000 mwimbaji akarudi nyuma hatua mbili, sikupenda. Cha 4,000 maneno yakapoteza makali, nikakirudisha haraka. Nilipofika 8,000, sindano ikatoka. Nilirudia mara tano kwa kutoamini. Cha mwisho, 16,000, sikukigusa, na matoazi yakabaki yanameta.

Karatasi yangu ikabaki na mistari mitatu: besi ibaki, 250 ipungue kidogo, 8,000 ipungue sana. Nikaenda nayo dukani, na kwa mara ya kwanza muuzaji alinielewa. Ile niliyochagua sijawahi kuiona ikisifiwa popote.

Mnaotaka kujaribu, shusheni, msipandishe. Nyimbo nyingi za siku hizi zimerekodiwa zikiwa zimejaa hadi ukingoni, ukiongeza zinakwaruza. Na mkilinganisha hedifoni mbili, sawazisheni volyumu kwanza, kwa sababu inayopiga juu kidogo tu sikio litaipa ushindi hata kama ni takataka. Sidhani kama wauzaji hawalijui hilo.

Bwana Vipimo

Dada, njia yako nzuri, ila mimi nina ubishi kidogo na hii kauli ya "kila mtu na sikio lake". Kuanzia mwaka 2013 mtafiti Sean Olive na wenzake wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, wamechapisha majaribio ambayo wasikilizaji hawakujua wanachosikiliza ni hedifoni gani. Wengi waliangukia sauti inayofanana: besi imeinuliwa kiasi, katikati imetulia, juu hakuchomi. Walikuwapo waliotaka besi zaidi na waliotaka pungufu, lakini walikuwa wachache.

Kisa changu ni kwamba nilijiona mtu wa pekee sana. Miaka miwili nikinunua hedifoni za ajabu ajabu, moja ilikuwa na sauti za juu hadi mbwa wa jirani angeipenda. Siku nilipovaa iliyopangwa kwa kufuata mchoro wa Harman, yaani ile sauti waliyoiangukia wengi, nikatulia. Aibu ilinishika, kwa sababu miye ndiye niliyekuwa nawacheka wenzangu kwamba wana masikio ya kawaida. Ningeshauri mtu aanzie hapo, kisha asogee kushoto au kulia kwa ladha yake.

Sikio Gumu

Bwana Vipimo, basi mimi na Mtu wa Besi tumo kwenye wale wachache. Endeleeni.

Upande wa Kushoto

Nilirudisha hedifoni mbili dukani kwa sababu upande wa kushoto ulikuwa hafifu. Ya tatu nayo hafifu. Muuzaji, kijana mstaarabu sana, akaniambia, "Mzee, hebu igeuze, ya kushoto iwe kulia." Nikageuza. Uhafifu ukabaki kushoto kwangu. Daktari alitoa nta sikioni ya kutosha kutengeneza mshumaa.

Fundi Mchanganyaji

Mzee hapo juu umenivunja mbavu.

Mimi kazi yangu ni kuchanganya sauti, na kosa langu lilikuwa kudhani hedifoni ya kazi ndiyo itakuwa ya starehe. Ya kazi inakuonyesha kila kasoro: mdomo unavyobana, kiti kinavyolia, mahali mkato ulipofanywa. Ukimaliza saa nane za kutafuta makosa, jioni unataka kusikiliza muziki bila kuukagua. Sasa ninazo mbili na hazibadilishani zamu.

Ya starehe ni ya mgongo wazi. Wengi hawajawahi kuijaribu, na ndiyo maana wanadhani hedifoni zote zinapigia ndani ya fuvu. Vikombe vyake nyuma vina matundu, hewa inapita, na muziki unakaa kama uko mbele yako chumbani. Si mpya, Sennheiser walitoa HD 414 ya namna hiyo mwaka 1968. Hasara yake ni kwamba besi ya chini kabisa kwa kawaida ni nyepesi, na aliye kando yako anasikia kila kitu. Mke wangu anaijua albamu yangu ninayoipenda kwa kupitia matundu hayo, hajawahi kuomba kuisikia.

Kosa jingine lilinigharimu. Kuna modeli zinazouzwa kwa jina lilelile lakini kwa ohm (kipimo cha ukinzani wa umeme) tofauti, 32, 80 au 250. Nikachukua ya 250 kwa kuwa namba kubwa nilidhani ndiyo bora. Kwenye simu ikawa inanong'ona, volyumu imefika mwisho. Ya namna hiyo inataka amplifaya, na sikuwa nayo. Mtu wa simu achukue ya ohm za chini, basi.

Mkutano Saa Tatu

Langu fupi. Hedifoni ya Bluetooth, muziki mzuri, ghafla sauti inakuwa kama redio iliyozamishwa kwenye ndoo. Nilishaandika barua ya malalamiko. Ilikuwa programu ya mikutano kwenye kompyuta, haijafungwa, imeshikilia maikrofoni ya hedifoni. Maikrofoni ikiwaka, Bluetooth mara nyingi inahamia hali ya simu na muziki unakondeshwa. Niliichagulia kompyuta maikrofoni yake yenyewe, mambo yakatulia. Barua sikuituma.

Sikio Gumu

Wakuu, nimefanya kazi ya nyumbani. Ile ya kwanza iliyokonda nimeifuata njia ya dada: nimeshusha kila kitu desibeli 5 isipokuwa vitelezi viwili vya chini, kisha nikapandisha volyumu. Ngoma imeacha kuwa bahasha. Si mapenzi bado, ila tunasalimiana. Ya tatu, ya kubana, nimeivalisha rundo la vitabu lenye upana wa kichwa changu kwa siku tatu, imelegea. Ya pili imebaki kwenye pipa lake.

Lakini ya mdogo wangu ndiyo inanishangaza, bado inazishinda zote. Na hata haijakaa vizuri, sponji zimechakaa hadi zimekuwa bapa, masikio yanagusa kitambaa cha ndani.

Fundi Mchanganyaji

Mkuu, hizo sponji usiziguse! Zikiwa bapa, spika inasogea karibu na sikio na sauti inabadilika. Huenda unachokipenda ni uchakavu wenyewe. Ukivisha mpya utapata hedifoni nyingine.

Sikio Gumu

Umechelewa, Fundi. Nilivisha mpya jana nikidhani naifanyia ihsani. Asubuhi nimeivaa, kitu hakieleweki, besi imekwenda mbali. Zile kuukuu nimezifukua kwenye takataka, zimelowa chai. Ziko dirishani zinakauka.