Meza ya mninga: niue vipi makali ya kingo bila mashine?

Mwanagenzi:
Salaam, mafundi. Nimetengeneza meza ya sebuleni kwa mninga, na kabla sijaitia gundi wala vanishi nimeona kuwa kingo zake ni kali kiasi cha kumwachia alama mtu anayeegemeza mkono. Mwanangu ameanza kusimama dede, na bao la meza linamfika usawa wa paji la uso. Nilisugua ukingo mmoja kwa msasa niliokunja mkononi, ukatoka na mawimbi. Sina ruta (mashine ya kuviringisha kingo za mbao), ninayo randa ndogo, tupa na misasa. Nianzie wapi?

Fundi wa Keko:
Ndugu Mwanagenzi, mawimbi hayo ni ya vidole vyako, kwa sababu msasa usio na kibao nyuma yake huzama palipo laini na kuruka palipo pagumu. Anza na zile pembe nne za bao, ambazo ndizo zinazopasua vichwa vya watoto: weka kizibo cha soda kwenye kila pembe, uchore mviringo wake kwa penseli, ukate kwa msumeno nje kidogo ya mstari, kisha umalizie kwa tupa. Baada ya hapo chora mstari milimita 3 kutoka ukingoni katika kila moja ya nyuso mbili zinazokutana, uinamishe randa digrii 45, na urande mpaka ifikie mistari yote miwili kwa pamoja. Utabaki na vipembe viwili vidogo. Vipitishie randa mara moja moja, halafu msasa namba 120 na 180 uliozungushwa kwenye kibao. Kwenye ncha zilizokatwa kukingama nyuzi za mbao, sukuma randa kutoka pembeni kuelekea katikati, maana ukiipitisha mpaka mwisho itang'oa kibanzi. Mninga nao wakati mwingine nyuzi zake hupindana. Randa ikianza kunyofoa, randa kutoka upande wa pili.

Binti Seremala:
Naafikiana na Fundi, ila naongeza tahadhari moja, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuharibu miguu minne kwa pupa. Usiguse ukingo pale mguu unapokutana na mbao za fremu, kwani ukiuviringisha hapo, kiungo kitaacha mfereji ambao gundi haiuzibi na vumbi halitoki. Unganisha kwanza bila gundi, utie alama ya penseli mahali pa kukomea. Vanishi pia itakushukuru, kwa sababu juu ya ukingo mkali hujivuta na kubaki nyembamba, na ndipo inapoanza kubanduka.

Mwanagenzi:
Ahsanteni sana. Pembe nimezimaliza jana. Je, nyayo za miguu, ambazo hakuna anayeziona, nazo ziguswe?

Fundi wa Keko:
Hizo zaidi. Meza ikiburutwa sakafuni, ukingo mkali wa chini hukamata na kuchanika kufuata nyuzi. Milimita 2 kwa tupa zinatosha.